Kipindi cha historia maktabani Kisumu: sarafu yenye tundu, rafu ya 967.62 na kamba ya mita 7

Kipindi hiki hutolewa na maktaba moja mjini Kisumu kwa wanafunzi wa Gredi ya 4 hadi ya 6. Kinachukua dakika 90, na ada ni shilingi 50 kwa kila mtoto, walimu hawalipi. Jina la maktaba tunaliacha, maana tunachokipima ni namna kazi inavyopangwa, na mpangilio huo unaweza kuigwa na shule yoyote yenye chumba cha vitabu na mwalimu mwenye subira.

Kwa kifupi: Gredi ya 5 na ya 6 wanafaidi kila dakika. Gredi ya 4 wanafaidi nusu, kwa sababu tutakayoieleza tukifika kwenye rafu. Darasa lenye watoto zaidi ya 36 lisiende siku moja, hata kama maktaba itakubali. Tena itakubali.

Nguvu ya kipindi iko katika utaratibu wake. Kitu hutangulia, kitabu hufuata. Watoto hawaanzi kwa kusomewa kwamba reli ilifika mwaka fulani na mkoloni akafanya hivi na vile. Wanaingia, wanaketi meza tano za watu sita sita, na katikati ya kila meza pana kitu kimoja juu ya kitambaa cheupe pamoja na bahasha iliyofungwa. Kwa dakika mbili hakuna kusema. Kila mmoja anachora anachokiona, kwa penseli, kwenye nusu karatasi. Kisha meza inajibu maswali matatu: kimetengenezwa kwa kitu gani, ni nani huenda alikitumia, na kina alama gani ya kutuonyesha wakati wake. Bahasha yenye maelezo hufunguliwa baada ya hapo tu.

Meza ya sarafu ndiyo bora kuliko zote. Ni senti 10 ya Afrika Mashariki ya mwaka 1952, ya shaba nyeusi, kubwa kuliko sarafu nyingi ambazo mtoto wa leo amewahi kushika, na ina tundu katikati. Pembe mbili za ndovu zimejipinda kulizunguka tundu hilo. Mtoto akiigeuza anakutana na jina la mfalme wa Uingereza. Hapo maswali yanakuja yenyewe bila mwalimu kuyachokoza: kwa nini tundu? Kwa nini mfalme wa kwingine kwenye pesa za hapa? Mbona imeandikwa Afrika Mashariki, si Kenya? Mmoja atasema tundu ni la kupitishia uzi ili pesa zisipotee, na yuko sawa, watu walizitunga hivyo. Swali la mwisho ndilo la kuliachia nafasi, kwa kuwa linafungua jambo ambalo wengi hawalijui: Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia pesa moja, na shilingi ya Kenya yenyewe ilianza mwaka 1966.

Meza ya pili ina nakala ya kipande, kitambulisho cha lazima cha enzi za ukoloni: kijaluba cha bati chenye uzi wa kuning'iniza shingoni, na ndani yake karatasi iliyokunjwa. Watoto wanataka kukivaa, na waachwe wakivae. Uzito wake shingoni unafundisha kuliko kadi. Lakini mtoa kipindi lazima aseme wazi, kabla kicheko hakijapita kiasi, kwamba kuanzia mwaka 1920 mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alilazimishwa kukibeba, chenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake, na kukosa kukionyesha kulikuwa kosa. Siku tulipokitazama kipindi hiki, maelezo hayo yalirukwa kwa kukosa muda. Hilo ni kosa kubwa. Kipande bila maelezo hayo kinabaki mkufu wa mchezo.

Meza nyingine zina koroboi, kigae cha chungu na picha ya gati la Kisumu. Koroboi ioshwe kwa sabuni na ikaushwe juani siku nzima, la sivyo harufu ya mafuta ya taa inabaki mikononi na inahamia kwenye vitabu. Picha ni dhaifu. Imechapwa ndogo, nusu ya ukurasa, na watoto sita hawawezi kuiona pamoja. Ikuzwe iwe ya A3.

Kuna jambo moja linaloharibu sehemu hii yote, nalo ni ulimi wa mtu mzima. Mtoa kipindi akishapita mezani na kusema "hii ni pesa ya zamani ya mkoloni", meza nzima inaweka penseli chini. Jibu limeshakuja, wafikiri nini tena? Walimu waliofuatana na darasa ndio wenye mazoea hayo zaidi, kwa nia njema. Wapewe kazi nyingine: wasimame nyuma na kuandika maswali ya watoto, kama yalivyotamkwa, kwenye karatasi ya manila.

Baada ya dakika 25 za meza, watoto wanahamia rafuni kwa dakika 25 nyingine. Kila meza ina kadi yenye swali lililotoka kwenye kitu chao na namba ya rafu. Hapa watoto wanajifunza kwamba vitabu vya historia viko kwenye namba za mia tisa, na kwamba 967.62 ni Kenya, 967.61 ni Uganda na 967.8 ni Tanzania. Ndipo Gredi ya 4 inapokwama. Desimali bado ni ngeni kwao, na wengi huona 967.8 ni ndogo kuliko 967.62 kwa sababu 8 ni ndogo kuliko 62. Dawa ni rahisi, na maktaba haijaitumia: isome kama pesa. Shilingi 967 na senti 62, shilingi 967 na senti 80. Mtoto aliyewahi kutumwa dukani hakosei tena.

Tatizo la pili la rafuni ni vitabu kurudishwa popote. Watoto 30 wakichomoa vitabu viwili viwili kwa dakika 25, mkutubi ana kazi ya mchana mzima. Kata vipande vya manila vya sentimita 8 kwa 30, kila meza rangi yake. Mtoto akichomoa kitabu anachomeka kipande mahali pake, na akimaliza anakirudisha palepale. Maktaba hii ina vipande kumi tu kwa meza zote tano. Viongezwe vifike thelathini.

Kadi mbili za rafuni zinastahili sifa. Ya kwanza inauliza kwa nini reli iliyofika Kisumu Desemba 1901 iliitwa Reli ya Uganda, na Florence wa Port Florence, jina la zamani la Kisumu, alikuwa nani. Jibu la pili ni jepesi: mke wa mhandisi Ronald Preston. La kwanza linawapeleka watoto kwenye ramani, ambako wanakuta kwamba Kisumu wakati ule ilihesabiwa upande wa Uganda, na mpaka ukasogezwa mwaka uliofuata. Kwa mtoto wa Kisumu kugundua kwamba mji wake ulikuwa Uganda ni jambo la kwenda kusimulia nyumbani.

Ya pili inahusu Lwanda Magere, shujaa wa masimulizi ya Wajaluo. Inawatuma watoto wawili kwenye 967.62 na wawili kwenye 398.2, rafu ya ngano, kisha inauliza kwa nini shujaa wa Kano anapatikana zaidi kule kwenye ngano. Kila mtoto hapa anaijua hadithi: mwili wa jiwe, mke kutoka kwa maadui, siri ya kivuli. Kadi haiwaambii kwamba ni uongo. Inawaomba wagawe karatasi mara mbili: upande mmoja mambo yanayoweza kuthibitishwa, kwa mfano kwamba Wajaluo wa Kano na Wanandi walipigana, na upande wa pili mambo yanayotuonyesha watu walimwonaje shujaa wao. Kazi hii ni bora kuliko mambo mengi yanayofundishwa kuhusu vyanzo vya historia darasani. Inahitaji dakika 15 peke yake. Kipindi kinaipa 8. Afadhali kupunguza kadi nyingine mbili.

Kamba ya miaka ndiyo watoto wanayoikumbuka. Ina mita 7, inaanzia 1890 na kuishia 2030, na kila mwaka ni sentimita 5. Kila miaka kumi, yaani kila nusu mita, pana uzi mwekundu. Watoto wanapima kwa rula na kubana kadi zao kwa vibanio vya nguo: reli kufika Kisumu kwenye sentimita 55, sarafu ya 1952 kwenye mita 3 na sentimita 10, uhuru kwenye mita 3 na sentimita 65, katiba ya 2010 kwenye mita 6 kamili. Hisabati na historia zinafanywa kwa mkono mmoja.

Kisha inakuja kadi ya Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe zisizo na udongo wala saruji kule Migori, zilizoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Zilianza kujengwa kama karne ya 16. Watoto wanatafuta mahali pake kambani na hawapaoni. Mtoa kipindi anawaambia wahesabu: tukichukua 1550, ni miaka 340 kabla ya mwanzo wa kamba, mara sentimita 5, mita 17. Mtoto mmoja anashika kadi, wenzake wanampimia hatua, anatoka mlangoni, anapita varanda na kusimama nje karibu na lango. Chumba kizima kinamtazama kupitia dirishani. Halafu mtu anauliza kuhusu yale mashoka ya mawe ya Kariandusi kule Gilgil. Miaka milioni moja kwa kipimo hicho ni kilomita 50, karibu mwendo wa kutoka Kisumu hadi Kakamega. Hapo kunakuwa kimya kuliko zile dakika mbili za mwanzo.

Kamba yenyewe ni ya nailoni, na hiyo si chaguo zuri. Nailoni inavutika watoto wakiiegemea, na hadi mwisho wa asubuhi vipimo vimesogea na 1963 haiko mahali pake. Utepe wa fundi cherehani au kamba ya katani iliyokazwa vizuri inafaa zaidi. Ifungwe kwenye kimo cha mita moja kandokando ya ukuta. Siku ile ilikatiza njia ya kwenda mlangoni, na watoto wawili walijikwaa.

Kadi moja ya kambani ina kosa la ukweli: inaweka uhuru na jamhuri pamoja mwaka 1963. Uhuru ni tarehe 12 Desemba 1963, jamhuri ni tarehe 12 Desemba 1964. Wametuambia watairekebisha. Mwalimu anayekwenda kabla ya hapo aikague mwenyewe.

Dakika za mwisho ni za karatasi ya kupeleka nyumbani, yenye maswali sita ya kumuuliza babu au nyanya. Maswali ni ya vitu, si ya maoni: maji mlichota wapi, shuleni mlikwenda na nini mkononi, pesa ya kwanza uliyoshika ilikuwaje. Nyuma ya karatasi pana orodha ya miaka ya kumbukumbu, na hiyo ndiyo akili yake. Mzee hasemi 1961. Anasema ule mwaka wa mafuriko, ziwa lilipopanda. Mtoto anaangalia orodha: mafuriko ya kuelekea uhuru, 1961 hadi 1962, kuuawa kwa Tom Mboya, Julai 1969, jaribio la mapinduzi, Agosti 1982, ziwa kupanda tena, 2020. Hapo masimulizi yanapata mahali kwenye kamba.

Kasoro ni kwamba karatasi ni ya Kiswahili pekee na haisemi lolote kuhusu lugha ya majibu. Dani, yaani nyanya, akijibu kwa Kidholuo, mtoto anahangaika kutafsiri na nusu inapotea njiani. Mwambieni mtoto mapema aandike neno kama alivyolisikia, dero ibaki dero, maana ghala haitoshi kusema kile dani alichokuwa akifikiria.

Matembezi mafupi hadi mnara wa saa wa mjini hutolewa kama nyongeza, kwa madarasa yaliyolala karibu. Yafanyeni. Saa ilizinduliwa mwaka 1938 kwa kumbukumbu ya Kassim Lakha, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1871 na kufariki Kampala mwaka 1910. Waacheni watoto wasome maandishi wenyewe na kutoa 1910 kutoka 1938. Miaka 28 imepita: basi nani aliijenga, na alitaka tukumbuke nini? Nendeni kabla ya saa nne, jua na magari yakizidi hakuna anayesikia.

Wekeni nafasi wiki mbili kabla, na ulizeni mambo matatu kabla ya kulipa: ni watu wangapi watakaoongoza siku hiyo (wawili hawatoshi kwa meza tano, watatu wanatosha), kama kadi ya uhuru imebadilishwa, na kama karatasi za nyumbani zitapokelewa. Kamba hubaki ukutani hadi Ijumaa ya wiki inayofuata. Karatasi zikifika kabla ya hapo, majibu ya wazee yanabanwa kwenye miaka yake pamoja na sarafu na reli. Zikichelewa, kamba imeshakunjwa kwa darasa jingine.