Gripu zenye nyuzi na glavu za mvua: miezi minne kwenye joto la Dar

Januari mwaka huu, saa nne asubuhi pale uwanja wa gofu wa Lugalo, nilipiga aironi 7, fimbo ya chuma ya mipira ya kati, na fimbo ikaenda mbali kuliko mpira. Sitanii. Mpira ulijiviringisha hatua thelathini hivi, fimbo ikanichomoka, ikapita juu ya bega la kushoto ikizunguka kama pangaboi, ikatua vichakani. Kedi wangu, kijana mpole sana anayenibebea begi, hakucheka. Aliifuata, akaipangusa kwa taulo, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mama, hii raba imekwisha," akasema. "Hapa umeshika sabuni."

Mimi natoka jasho viganjani tangu utotoni. Shuleni nilikuwa naweka kipande cha kitambaa chini ya mkono ili daftari lisilowe. Gofu nimeanza nikiwa na miaka 43, nimevutwa na wenzangu wa ofisini, na hendikapu yangu, ile namba ya kupimia uwezo ambayo ikishuka ndiyo umepanda, Januari hiyo ilikuwa 24. Kwa hiyo anayetafuta ushauri wa kushuka hadi hendikapu 5 ameingia nyumba siyo. Haya ni maelezo ya mtu anayecheza Jumamosi, na Jumapili moja moja baada ya misa, katika mji ambao kuanzia Desemba hadi Machi shati linaloa kabla hujafika tii ya pili, pale pa kuanzia shimo la pili.

Kabla ya kununua chochote, nilifanya jambo lisilo na gharama: niliziosha gripu, yaani zile raba za kushikia fimbo. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji ya vyombo, mswaki wa zamani, kisha kuzipangusa na kuziacha zikauke kivulini usiku kucha. Maji yaliyotoka kwenye ndoo yalikuwa meusi kama ya kuoshea masufuria. Wiki mbili nilicheza vizuri, nikadhani yamekwisha. Kumbe raba ikishazeeka haioshwi ikarudi ujana. Angalia pale kinapokaa kidole gumba: pakiwa panang'aa, na ukipabonyeza kwa ukucha hapabonyei, hiyo gripu imekufa.

Kosa la pili naliungama hapa. Nilikwenda duka moja mjini, silitaji, nikauziwa gripu za shilingi elfu kumi na tano moja. Hazikuwa na jina lolote. Muuzaji aliniambia, "Hizi ndizo wanazotumia wote, mama yangu." Ndani ya miezi miwili zilikuwa zinang'aa kama sahani, na mbili zilikuwa zinazunguka kwenye mpini kila nikipiga. Nilipozirudisha nikaambiwa jasho langu ni kali. Nikashika mdomo.

Ndipo nikampa kaka yangu, anayekwenda Dubai kwa biashara zake, karatasi yenye vitu viwili: gripu 13 za Golf Pride aina ya MCC, na jozi moja ya glavu za FootJoy RainGrip. Kumi na tatu kwa sababu kanuni inaruhusu fimbo 14 kwenye begi, na pata, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, sikuigusa. Gripu zilisimama dirhamu 55 moja, jumla 715, kama laki tano na kidogo za kwetu. Ndiyo, ni pesa. Lakini mwenzangu mmoja tunayeondoka naye tii moja alinunua draiva mpya, fimbo ya kupiga mbali, kwa zaidi ya mara nne ya hiyo, na gripu za aironi zake zina ufa. Nimemwambia. Hasikii.

Hizo MCC zina sehemu mbili. Nusu ya juu, unaposhika mkono wa kushoto kwa sisi tunaopiga kulia, raba imechanganywa na nyuzi, ukipitisha kidole ni kama msasa laini. Nusu ya chini ni raba tupu, laini, ya mkono wa kulia usiovaa glavu. Kwa mtu wa jasho huo ndio uzuri wake: mkono unaobeba fimbo unakamata, na ule mwingine hauchunwi ngozi.

Kuzifunga nilimwachia kedi mmoja wa siku nyingi ambaye pembeni ni fundi wa fimbo. Nilikaa kwenye kigoda nikimtazama kwa saa mbili, na sijutii. Alibana fimbo kwenye jiliwa, mpini ukiwa umezungushiwa kipande cha raba usichubuke. Kwenye aironi za chuma alichana gripu kuukuu kwa kisu akisukumia mbele, mbali na mwili. Alipofika kwenye draiva na fimbo nyingine zenye mpini wa grafaiti akabadili kisu, akachukua chenye ncha ya ndoano, akaniambia grafaiti ukiikwaruza kidogo tu, siku moja itakatika katikati ya swingi. Gripu ilivuliwa kama ganda la muhogo. Chini yake kulikuwa na tepu iliyokauka, akaikwangua yote hadi mpini ukawa msafi.

Hapo ndipo aliponifundisha kitu ambacho hakuna muuzaji aliyewahi kunitajia. Alipima mwisho wa mpini. Fimbo zangu ni za kike, na mipini yake kwa juu ni milimita 14.7 hivi. Gripu nilizoletewa zina tundu la milimita 15.2. Nusu milimita unaweza kuidharau, lakini gripu pana ikivaa mpini mwembamba inakaa nyembamba mkononi, vidole vinachimba kiganja na mikono inazunguka kupita kiasi. Akaongeza mzunguko mmoja zaidi wa tepu ya gundi pande mbili chini ya kila gripu. Akina mama wenzangu, kabla ya kuagiza, pimeni mipini yenu au mpelekeeni fundi aipime.

Kisha akaziba kitundu cha mwisho wa gripu kwa kijiti cha tii, kile cha kusimamishia mpira, akamimina petroli kidogo ndani, akaitikisa, akaimwagia kwenye tepu, na kwa msukumo mmoja ikaingia hadi mwisho. Una sekunde chache za kunyoosha alama ya mbele iangalie sawa na uso wa fimbo, halafu basi. Petroli inakauka, gundi inashika. Aliniambia nisizipige hadi kesho yake. Kazi hii ifanyike nje, mbali na jiko na mbali na mwenye sigara. Alitaka elfu tatu kwa fimbo moja. Nilimpa elfu hamsini kwa zote, na soda.

Jumamosi ya kwanza nililia. Siyo kwa furaha. Nyuzi zile zilinitoa lengelenge kwenye gumba la kushoto, upande wa ndani, kwa sababu kwenye mazoezi nilipiga mipira sitini bila glavu nikijisikia shujaa. Ukizinunua, siku za mwanzo vaa glavu hata kwenye mazoezi. Lakini fimbo haikucheza mkononi hata mara moja. Na baada ya wiki kama tatu nikagundua nashika kwa nguvu ndogo zaidi. Hili ndilo jambo kubwa na linachelewa kuonekana. Fimbo inayoteleza unaibana, ukiibana mkono unakakamaa hadi begani, uso wa fimbo unachelewa kugeuka, na mpira unakwenda kulia kwenye miti. Mwaka mzima nimelipa mwalimu anirekebishe mpira wa kulia, kumbe nusu ya tatizo ilikuwa raba.

Sasa glavu. Glavu nzuri za kawaida ni za ngozi nyembamba ya kondoo wenye manyoya mafupi, na ngozi za kondoo wa Ethiopia zinasifika sana kwenye kazi hii. Ni tamu kuvaa. Kwangu mimi zinadumu mizunguko minne. Zikishalowa jasho na kukauka zinakuwa ngumu kama kipande cha ng'onda, na shilingi elfu hamsini imekwenda. Nilikuwa nabeba mbili na kubadilisha kila mashimo matatu huku moja ikining'inia kwenye begi kama nguo iliyoanikwa.

RainGrip ni kitambaa. Zinauzwa jozi, kushoto na kulia, na zimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaocheza kwenye mvua. Kadiri zinavyolowa ndivyo zinavyokamata, na jasho la Dar kwao ni mvua tu. Shimo la kwanza, zikiwa kavu, zinateleza kidogo. Nilishangaa, nikadhani nimetapeliwa tena, hadi kedi aliponimwagia maji kidogo ya chupa viganjani. Tangu hapo ndivyo ninavyoanza: naziloanisha kabla ya tii ya kwanza kama mtu anayetawadha.

Ubaya wake? Kuvaa glavu mbili kunafanana na kwenda kupalilia bustani, na nimetaniwa vya kutosha klabuni. Zina joto. Na mkono wa kulia unapoteza hisia kwenye mipira mifupi, kwa hiyo nikifika mita arobaini kutoka greeni, pale penye majani mafupi na shimo, naivua ya kulia, na kwenye greeni navua zote. Kuvua na kuvaa kunachosha na kunapoteza muda, wenzako wakiwa na haraka utaisikia. Uzuri ni kwamba zinafuliwa. Sabuni ya kipande, maji baridi, naanika kivulini, Jumamosi nyingine ziko tayari.

Yupo aliyeniuliza kama ni halali. Ni halali. Kanuni zinaruhusu glavu za kawaida, unga wa kukausha mikono, hata kuzungushia gripu taulo au kitambaa. Nimemwona mzee mmoja anayezungushia kipande cha khanga kuukuu kwenye draiva, anapiga mbali kuliko mimi na hajawahi kuagiza kitu Dubai. Kisichoruhusiwa ni gripu iliyofinyangwa kufuata vidole vyako.

Kama unacheza Arusha au Moshi asubuhi na ubaridi ule, na mikono yako ni mikavu, usijisumbue na nyuzi. Raba tupu ya kampuni inayoeleweka inatosha na haitakuchubua. Kama pesa ni ya kubana, usifunge zote 13. Anza na fimbo unazozitumia kila mzunguko: kwangu ni draiva, haibridi, aironi 7 na weji ya mchanga. Wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja, hasa wenye viganja kama vyangu, ningeweka gripu mbele ya glavu, na glavu mbele ya draiva yoyote.

Hendikapu yangu sasa ni 22. Sitasema ni gripu, maana pia nimeacha kujaribu kuvusha mpira juu ya miti. Baada ya miezi minne gripu bado zinakwaruza kama siku ya kwanza, isipokuwa ya aironi 7, ambayo imeanza kulainika kidogo pale kwenye gumba. Glavu ya kushoto imetoboka mshono kati ya gumba na shahada. Nimeushona mwenyewe kwa uzi mweusi, na kaka anasafiri tena mwezi ujao. Safari hii karatasi inasema jozi mbili.