Mifuko na kadibodi za kuhifadhia katuni za zamani: kipi kinafaa Mbeya, Tukuyu na Njombe

Uamuzi kwanza, mwenye haraka asipoteze muda. Kwa mkusanyaji wa katuni za zamani za mashujaa anayeishi nyanda za juu kusini, mfuko wa plastiki ya polipropilini na kadibodi isiyo na asidi ya kuegemeza katuni ndani yake vinatosha kwa nakala nyingi. Mylar, plastiki ya poliesta, ni bora zaidi, ila iwekwe kwa zile chache za thamani kubwa. Ile mifuko laini ya kuwekea vyeti inayouzwa steshenari, yenye harufu ya kitambaa kipya cha plastiki cha mezani, isikaribie katuni hata moja.

Sababu iko kwenye karatasi yenyewe. Tangu Superman atokee katika Action Comics namba 1, Juni 1938, kwa miongo kadhaa kurasa za ndani za katuni za Marekani zilichapwa kwenye karatasi ya gazeti. Karatasi hiyo hupatikana kwa kusaga mti, na lignini, yaani ile gundi inayoshikanisha nyuzi za mti, hubaki humohumo. Watu wa Mufindi wataelewa upesi: kiwanda cha Mgololo huichemsha miti kwa kemikali ili sehemu kubwa ya lignini itoke, ndiyo maana karatasi ya kaki ina nguvu. Karatasi ya gazeti haikupitia mapishi hayo. Lignini ikikutana na hewa na mwanga hugeuka njano, kisha kahawia, asidi huongezeka, na mwishowe ukurasa unakatika kama ganda kavu la kitunguu. Hakuna mfuko unaoweza kuirudisha karatasi ilikotoka. Mfuko mzuri hupunguza kasi, mfuko mbaya huiongeza.

Mbaya kuliko yote ni wa PVC. Plastiki hiyo hulainishwa kwa kemikali ambazo baada ya muda hutoka, zikanata kwenye jalada na kuvuta wino. Kuitambua ni rahisi: weka ukurasa wa fotokopi ndani ya mfuko, ugandamize chini ya vitabu vizito kwa wiki kadhaa, kisha uutoe. Herufi zikihamia kwenye plastiki, mfuko huo ubaki wa risiti.

Polipropilini na polithini hazina kilainishi hicho. Polipropilini inang'aa, ni ngumu kidogo na hulia ukiikunja. Polithini ni laini na ina ukungu kidogo, kwa hiyo rangi za jalada hazionekani vizuri. Tunapendelea polipropilini, kwa sababu mfuko mgumu hausukumi pembe za jalada wakati wa kuingiza. Kasoro yake ni kwamba baada ya miaka huanza kujikunja mawimbi na kuvuta pembe. Wakusanyaji wengi huibadilisha kila baada ya miaka 5 hadi 7. Mylar ya unene wa mikroni 50 inatosha kwa kuhifadhi, ya mikroni 100 inasimama yenyewe kama kioo. Haichoki upesi, na kinachobaki kubadilishwa ni kadibodi tu. Bei yake, pamoja na gharama ya kuiagiza hadi Mbeya, haina maana kwa nakala ya kawaida ya miaka ya 1980.

Kwenye kadibodi ndiko watu wengi hupunjika. Kadibodi nyingi za bei ya chini zina utando wa kalisi kaboneti, ile inayozima asidi, upande mmoja tu, ule unaong'aa. Kiini chake ni karatasi ya kawaida. Upande huo ndio unaotakiwa kugusa katuni. Ukiugeuza, umeilaza katuni kwenye asidi. Kalamu ya kupimia asidi huonyesha ukweli kwa mstari mmoja: zambarau ni salama, njano si salama. Piga mstari kwenye ukingo uliokatwa pia, maana uso unaweza kudanganya. Usikate kadibodi kutoka boksi la sabuni au biskuti, na usitumie karatasi ya kaki isiyopaushwa hata kama imetengenezwa jirani. Bado ina lignini ya kutosha kulichafua jalada.

Saizi huandikwa kwenye pakiti. Current ina upana wa karibu sentimita 17.5, Silver 18, Golden 19.7, zote zikiwa na urefu wa karibu 26.7. Katuni za miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 ziingie kwenye Silver. Wauzaji husukuma Current kwa kila kitu, na katuni kweli inaingia, ila jalada la wakati ule mara nyingi limezidi kurasa kwa milimita moja au mbili na ziada hiyo ndiyo inayokunjwa.

Kabla ya kuifunga nakala yoyote, isome kama kitu kilichochapwa. Hapa ndipo utamu wa kazi hii ulipo. Kwa miongo mingi katuni nyingi za Marvel na DC, kampuni kubwa za katuni za mashujaa za Marekani, zilichapwa Sparta, Illinois. Jalada lilikuwa karatasi nzito inayong'aa, iliyochapwa kivyake. Kurasa za ndani zilipita kwenye mitambo ya kasi kwa rangi nne. Bluu, nyekundu na manjano kila moja ilikuwa na viwango vichache tu, yaani 25, 50 na 100 kwa mia, na vile hafifu vilipatikana kwa nukta. Ukihesabu pamoja na pale rangi isipowekwa, unapata michanganyiko 64. Ngozi ya uso wa shujaa ni nukta nyekundu na njano tu. Chukua kioo cha kukuzia uzione. Pleti, yaani bamba la kuchapia rangi moja, ikisogea kidogo, nyekundu ya mdomo inaangukia shavuni. Huo si uharibifu, usiufute wala usiusugue. Hulk, shujaa wa Marvel, alikuwa wa kijivu katika toleo lake la kwanza, Mei 1962, lakini mtambo haukuweza kutoa kijivu kilekile kila ukurasa, hivyo toleo la pili akawa kijani. Mtu akikuambia nakala yako ya namba 1 imepauka kwa sababu kijivu kinabadilikabadilika, hajui anachokisema.

Jalada lililokaa mshazari na pini zilizopigwa nje ya mstari pia ni kazi ya kiwanda. Usijaribu kunyoosha. Katuni za Marvel za mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960 mara nyingi zina ukingo wa kulia uliomeguka vipande vidogo wakati wa kukatwa, na ukingo huo huendelea kumeguka ukiukwaruza. Kwa nakala kama hizo usiingize katuni peke yake. Ilaze juu ya kadibodi, funika mbele kwa karatasi laini ya A4, viingize vyote kwa pamoja, kisha vuta A4 taratibu.

Nakala zenye bei ya peni badala ya senti hudhaniwa kuwa nakala bandia. Sivyo. Zilichapwa Marekani kwenye mitambo ileile kwa ajili ya Uingereza, bei ikabadilishwa kwenye pleti. Nyingine ni za senti zilizogongwa muhuri wa bei baada ya kufika Uingereza; wino wa muhuri ni sehemu ya historia yake, uache. Na kwa Marvel za 1974 hadi 1976, fungua ukurasa wa barua za wasomaji uone kama stempu ya thamani, yaani kipicha kilichochapwa humo ili msomaji akikate, imekatwa. The Incredible Hulk namba 181, Novemba 1974, bila stempu yake hupoteza sehemu kubwa ya bei, na mfuko uliofungwa ndio unaoficha pengo hilo.

Pini zikiwa na kutu, ziache. Kuzing'oa hupasua karatasi ya mgongo. Dawa ni ukavu.

Ukavu huo ni mtihani kwetu. Tukuyu mvua haina adabu, na Njombe na Uyole usiku wa Juni na Julai baridi hulowanisha bati. Tranka la shule linapendwa kwa sababu panya hawaingii, lakini chuma hupoa haraka na umande hujikusanya ndani ya kifuniko. Ukilitumia, tandika kadibodi salama pande zote, weka vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, na liinue juu ya mbao sentimita 10 kutoka kwenye saruji, mbali na ukuta wa nje. Boksi la kadibodi isiyo na asidi juu ya rafu ni bora kuliko tranka. Kipima unyevu kidogo kikae humo: 35 hadi 50 kwa mia ni pazuri, ikizidi 65 ukungu unaanza. Dirishani usiweke kabisa. Kwenye miinuko yetu jua ni kali, polipropilini haizuii miale yake, na nyekundu na manjano hutangulia kufifia hadi jalada libaki na bluu.

Kazi ya kufunga ifanyike Agosti au Septemba. Karatasi ya gazeti hunywa unyevu wa hewa, na ukiifunga Machi umeufungia ndani pamoja nayo. Acha nakala chumbani siku mbili, kurasa zikipepewa mara moja moja, ndipo uingize. Kifuniko cha mfuko kikunje nyuma ya kadibodi bila selotepu. Ukilazimika kutumia selotepu, ikate kabisa kabla ya kutoa katuni. Ikibaki inaning'inia mdomoni mwa mfuko, itanasa jalada na kung'oa wino.