Tahadhari: adapta za simu ya intaneti zinazouzwa "tayari kwa kazi"

Jamani, kuna muuzaji anasambaza adapta za simu ya intaneti (vikasha vya kuunganisha simu ya kawaida na intaneti) zilizokwisha tumika. Anazinadi kwamba ni kuchomeka tu na kupiga. Soma hapa kwanza kabla hujachomeka.

Nimeletewa moja niikague. Ukurasa wa mipangilio ulifunguka kwa jina admin na nywila admin. Usimamizi wa mbali, yaani kuingia kwenye mipangilio kutoka nje ya nyumba, umewashwa. Akaunti ya mwenye kifaa wa kwanza bado imo, pamoja na namba yake. Kibaya zaidi ni karatasi ya maelekezo: inamtaka mnunuzi afungue poti zote (milango ya mtandao) za ruta kuelekea kwenye adapta. Ukifuata hivyo, mtu yeyote duniani anaweza kuufungua ukurasa ule ule niliouona mimi. Muuzaji alipoulizwa, alijibu kuwa nywila imeachwa rahisi ili wateja wasisumbuke. Jibu hilo halikubaliki hata kidogo.

Wezi wa laini za simu hawakutafuti kwa jina. Programu zao zinapita anwani moja baada ya nyingine zikigonga poti 5060, ambayo ndiyo ya kawaida ya SIP, itifaki ya kuunganisha simu za intaneti. Kifaa kikiitika, zinajaribu nywila nyepesi mpaka moja ikubali. Hapo laini yako inaanza kupiga namba za ng'ambo zinazotozwa ghali, na mwizi anapata mgao wa malipo hayo. Hupenda usiku wa manane na wikendi, wenyewe mmelala. Bili inakuja kwa jina lako.

Mapema mwaka 2014 huko Ujerumani, wavamizi waliingia kwenye ruta za FRITZ!Box kupitia huduma ya kuingia kwa mbali, wakapiga simu za ghali kwa gharama ya wenye nyumba. Angalau mtengenezaji, AVM, alitoa masasisho haraka. Kifaa kikuukuu ambacho mtengenezaji ameshaacha kukisasisha hakina msaada huo, na mimi nisingekiweka nyumbani hata kwa kupewa bure.

Kama umeshanunua, chomoa sasa hivi. Rudisha mipangilio ya kiwandani, weka nywila ndefu, zima usimamizi wa mbali, na masasisho yatoke kwenye tovuti ya mtengenezaji, si kwenye faili la muuzaji. Poti ulizofungua kwenye ruta zifunge: kwa kawaida adapta hujisajili yenyewe kwa mtoa huduma, haihitaji kufunguliwa mlango kutoka nje. Kisha mpigie mtoa huduma azuie simu za kimataifa au akuwekee kikomo cha matumizi. Hili msilipuuze, kwa sababu linakulinda hata hayo mengine yakishindwa.

Ukikuta simu usizozijua kwenye orodha ya adapta, ipige picha kabla ya kurudisha mipangilio ya kiwandani. Orodha hiyo inaweza kufutika, na utaihitaji ukipinga bili.