This Old House: Bob Vila au Kevin O'Connor?
Mashabiki wa kipindi hiki cha Marekani cha kukarabati nyumba hawajaacha kubishana kuhusu nani kati ya watangazaji hawa wawili ni bora.

Kwa ujuzi, Vila yuko mbele. Aliongoza kipindi tangu 1979, akaondoka 1989 baada ya mvutano kuhusu matangazo ya biashara. Anazungumza kama mtu wa kazi.

O'Connor alikuja 2003 akitokea benki. Wanaolalamika kwamba si fundi wana haki, lakini mimi hapo ndipo ninapompenda: anauliza kile ambacho anayeshika patasi kwa mara ya kwanza angeuliza, kisha anamwachia fundi ajibu. Na amedumu zaidi ya miaka 20.

Seremala Norm Abram alifanya kazi na wote wawili.

Mwenye uzoefu atafurahia vipindi vya Vila. Anayeanza aende kwa O'Connor.