Taa ya luksi 10,000 kwa giza la Desemba: Carex Day-Light Classic Plus na taa ndogo zinazoshindana nayo

Minneapolis, mji wa kaskazini mwa Marekani, tarehe 21 Desemba jua huchomoza saa 1:48 asubuhi na kuzama saa 10:34 jioni. Anayeingia kazini saa moja na kutoka saa kumi na moja halioni jua isipokuwa dirishani. Nairobi, siku hiyohiyo, mwanga hudumu saa kumi na mbili na dakika chache, kama ulivyodumu mwezi Juni. Saa yetu ya Kiswahili imefungwa kwenye mapambazuko: ikifika saa moja, jua limeshatoka. Kule kaskazini saa moja ya Desemba bado ni usiku. Wengi wanaolala kupita kiasi kuanzia Novemba, wanaotamani wanga na sukari mchana kutwa na kukosa hamu ya kuonana na watu hudhani ni uvivu au uchovu wa kazi. Norman Rosenthal na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani waliieleza hali hiyo kitaalamu mwaka 1984. Ni sonona ya msimu, na tiba yake mojawapo iliyochunguzwa sana ni mwanga mkali wa asubuhi.

Mwanga hupimwa kwa luksi, na kiwango kinachotumika ni luksi 10,000 kwa dakika 30, au luksi 2,500 kwa saa mbili. Sebule yenye taa za kawaida hutoa luksi 100 hadi 300, na ofisi nzuri hufika 500. Ndiyo maana kuongeza balbu sebuleni hakusaidii kitu.

Carex Day-Light Classic Plus ni taa kubwa ya LED inayosimama mezani kwa miguu yake. Uso wake wa mwanga unazidi sentimita 30 kila upande, kimo chake hurekebishwa, na kichwa huinama. Mtengenezaji anaahidi luksi 10,000 kwenye umbali wa inchi 12, yaani sentimita 30 hivi. Umbali huo ndio unaoifanya istahili bei yake, ambayo kwa kawaida huzidi dola 100. Ukikaa sentimita 30 kutoka kwenye taa unaweza kunywa chai, kusoma au kujibu ujumbe bila kubanwa. Mwanga nao unashuka kutoka juu ya paji la uso, kama wa jua, badala ya kukupiga usoni moja kwa moja.

Taa ndogo za dola 30 au 40, zenye umbo la tableti, nazo huandikwa luksi 10,000. Soma maandishi madogo ya boksi. Nyingi hufikia kiwango hicho kwenye sentimita 10 au 15 tu. Mwanga hupungua haraka kadiri unavyosogea: taa ndogo ukiiweka mara mbili ya umbali, unabaki na karibu robo ya mwanga. Yaani luksi 10,000 za kwenye sentimita 15 zinakuwa kama 2,500 kwenye sentimita 30, na sasa unahitaji saa mbili, si nusu saa. Hakuna anayekaa wiki tatu pua ikikaribia kugusa kioo. Mtu huisogeza, hapati kitu, kisha anatangaza kwamba taa hizi ni uongo. Uso mdogo una tatizo la pili: ukigeuza kichwa kidogo tu, umeshatoka kwenye mwanga.

Tarakimu za boksi zisiaminiwe hivihivi, kwa sababu FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haiziidhinishi taa hizi kama tiba ya sonona ya msimu. Pima mwenyewe. Kipimo cha luksi cha mkononi si ghali. Programu ya simu hukosea, ila inatosha kulinganisha taa mbili au umbali mbili. Weka kipimo pale macho yako yanapokaa, kikitazama taa, si juu ya meza.

Matumizi ni haya. Washa taa ndani ya saa moja baada ya kuamka, kila siku, hata Jumamosi na Jumapili. Iweke juu kidogo ya usawa wa macho na pembeni kidogo. Macho yawe wazi, lakini usiikodolee. Miwani ya kusomea haina shida, ila miwani ya rangi inazuia mwanga unaoutafuta. Siku tatu za kwanza anza na dakika 15, maana kuumwa kichwa na macho kuchoka ni malalamiko ya kawaida, na mara nyingi huisha. Wengi huona tofauti ndani ya wiki moja au mbili. Ukianza kuamka alfajiri mno au kuhangaika moyoni, punguza dakika. Ukiitumia jioni, usingizi utachelewa, na hilo ndilo kosa la pili kwa ukubwa baada ya umbali.

Wapo wasiopaswa kuigusa kabla ya kumwona daktari. Mwenye baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, anaweza kusukumwa kwenye wazimu wa furaha kupita kiasi. Mwenye ugonjwa wa retina, au kisukari kilichoathiri macho, apimwe kwanza. Vilevile anayetumia dawa zinazoongeza wepesi wa kudhurika na mwanga, na hapa msafiri anayerudi kutoka nyumbani akumbuke doksisiklini ya kukinga malaria. Na mwenye mawazo ya kujiua asibaki na taa. Aende hospitali leo.

Jambo moja linawapotosha watu wetu wengi: taa hii haitoi vitamini D. Taa nzuri huchuja miale ya UV ili kulinda macho na ngozi, na bila miale hiyo ngozi haitengenezi vitamini D. Hiyo ni kazi ya kidonge. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, inashauri watu wafikirie mikrogramu 10 kwa siku wakati wa majira ya kupukutika na baridi, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima.

Wauguzi na walezi wa zamu za usiku, kazi ya Waafrika Mashariki wengi huko, wasifuate ratiba ya asubuhi. Wao mwanga uwafae mwanzoni mwa zamu, kisha wavae miwani ya jua wakirudi nyumbani na kulala kwenye chumba chenye pazia zito.

Ukiihamishia Ulaya, angalia kibandiko cha adapta. Kama hakijaandikwa 100–240V, usiichomeke.

Marekani na Ulaya husogeza saa mbele kwa saa moja mwezi Machi (saa ya kiangazi) na kuirudisha msimu wa kupukutika (saa ya kawaida, au ya baridi). Je, wanasiasa wakiacha kubadili saa hivyo, taa itakuwa haina kazi? Hapana, na uamuzi mbaya utaongeza haja yake. Bunge la Ulaya lilipiga kura 410 dhidi ya 192 mwezi Machi 2019 kuacha mabadiliko, lakini serikali za nchi wanachama hazikukubaliana. Seneti ya Marekani mwaka 2022 ilipitisha saa ya kiangazi iwe ya kudumu. Baraza la Wawakilishi halikuifuata. Kwa saa hiyo, mwanzoni mwa Januari Minneapolis ingeona jua saa 2:51 asubuhi, watoto wakiwa darasani tayari. Marekani iliijaribu Januari 1974 na kuiacha Oktoba mwaka huohuo. Urusi iliijaribu 2011, na 2014 ikahamia saa ya baridi ya kudumu. Chama cha madaktari wa usingizi Marekani, American Academy of Sleep Medicine, kinataka saa ya kawaida mwaka mzima, na kiko sahihi: mwanga wa asubuhi ndio unaopanga saa ya mwili, ule wa jioni unaichelewesha.

Kwa sasa taa inasaidia kuvuka mabadiliko yenyewe. Machi, siku nne kabla ya saa kusogezwa mbele, sogeza kulala, kuamka na taa kwa dakika 15 mapema kila siku. Novemba ni kinyume: mwili utaamka saa moja kabla ya kengele. Usiwashe taa muda huo, utaukazia mwili kosa lake. Subiri saa yako ya kawaida ya ukutani ifike, na jioni acha nyumba iwe na mwanga zaidi kwa siku tatu nne.

Usiirudishe kabatini mwanzoni mwa Machi kwa kuona asubuhi zimeanza kung'aa. Wakati huo jua la Minneapolis linatoka kama saa 12:35, kisha Jumapili ya pili ya mwezi saa husogezwa mbele na asubuhi inarudi kwenye saa 1:35. Iache mezani hadi katikati ya Aprili, jua linapochomoza tena saa 12:30.