Miche ya tini kutoka kitalu cha Mwanza: uzoefu wangu baada ya mwaka na nusu

Nilinunua miche 3 kwenye kitalu kimoja upande wa Nyegezi, kila mmoja shilingi 15,000, ikiwa kwenye viriba, urefu wa goti. Aina walisema Brown Turkey, na matunda yamethibitisha: ngozi ya kahawia inayoelekea zambarau, nyama ya waridi. Hiyo ni aina inayojizalia yenyewe. Ukiuziwa ya kundi la Smyrna, matunda yatapukutika yakiwa machanga, kwa sababu yanahitaji nyigu wake maalumu wa kuyachavusha. Nyigu wa mikuyu yetu ya ziwani hawezi kuifanya kazi hiyo.

Miche naisifu. Kilichoniudhi ni udongo wa kiriba na maelekezo ya muuzaji.

Kabla ya kulipa, omba kiriba kichanwe kidogo pembeni uone mizizi. Mizizi mizima ni myeupe na laini. Ukiona vinundu vimefuatana kama ushanga kwenye uzi, hiyo ni kazi ya minyoo fundo, minyoo wadogo sana wanaoishi kwenye mizizi, uache mche hapo hapo. Mmoja wa kwangu ulikuwa navyo: majani yalinyauka kila mchana hata udongo ukiwa na maji, na kwa miezi 6 haukuongezeka hata shubiri. Udongo wetu wa luseni, kwa ule mchanga wake, minyoo hao wanaupenda sana. Mti ukishashikwa hauponi, ila matawi yake hayana minyoo. Nilikata vipande vya sentimita 20, unene wa kidole, vyenye macho 4, nikavichomeka kwenye mchanga safi mpaka likabaki jicho moja nje. Vilichipua. Shina na mizizi nikachoma moto, na shimo lile sirudishii mtini, wala nyanya au bamia.

Shimo lichimbwe sentimita 60 upana na kina, udongo wa juu uchanganywe na madebe 2 ya samadi iliyooza vizuri. Kaa mita 4 kutoka ukutani na mbali zaidi na karo la choo, maana mizizi ya mtini hutafuta maji bila huruma. Kwa matandazo, magugumaji yaliyokaushwa juani yanafaa kabisa, mradi yasiguse shina.

Muuzaji aliagiza maji kila siku na urea kila mwezi. Usifuate. Urea inakupa matawi marefu laini na majani mapana kama sinia, matunda hakuna. Mimi natoa samadi debe moja kabla ya vuli, basi. Maji ni lita 20 kwa mti, mara 2 kwa wiki, kuanzia Juni hadi Septemba, masika simwagilii. Tunda likikaribia kuiva, mti uliokuwa mkavu ukipata maji mengi ghafla, linapasuka.

Kupogoa ndiko kunakoamua mavuno. Mtini huzaa kwenye machipukizi mapya, tunda likitokea kwenye kwapa la jani. Nakata mwanzoni mwa Septemba, nabakiza matawi 4 yaliyotawanyika na katikati pawe wazi, ili mavuno makubwa yaangukie Januari na Februari, mvua ikiwa imepungua. Ukichelewa, matunda yanaivia kwenye masika, maji yanaingia kwenye tundu la chini na yanachacha mtini.

Masika ndiyo pia msimu wa kutu: geuza jani utaona unga wa kahawia kwa vitone, kisha majani yanadondoka. Yaokote yote uyachome. Dawa ya shaba inyunyizwe mgongoni mwa jani kabla mvua hazijakolea. Ugonjwa ukishaenea unapoteza fedha.

Tunda la mtini haliendelei kuiva likishachumwa, kwa hiyo wanaokwambia uchume mapema uyaweke ndani wanakupotosha. Subiri shingo ilegee, tunda liiname, ngozi ianze mistari myembamba ya kupasuka. Siku 2 za mwisho ndizo zinazoleta utamu, na ndizo shore na popo wanazozingoja, hivyo kila tunda linalobadilika rangi livishe kifuko cha chandarua kuukuu, ukikaze kwa uzi kwenye kikonyo. Vaa mikono mirefu ukichuma: utomvu mweupe ukikugusa, kisha jua la Mwanza likapiga hapo, ngozi inababuka.