Nyungunyungu wa plastiki wa kuvulia besi: kagua mgongo kabla hujalipa

Jumamosi mbili zilizopita nilikuwa Nyamakima, stendi ya matatu Nairobi, saa kumi alfajiri, nimejifunga leso juu ya jaketi, fimbo mkononi, makanga wakinicheka. Jua lilipochomoza nilikuwa ndani ya mashua pale Ziwa Naivasha. Kufikia saa tatu uzi wangu ulikuwa umejisokota kama waya wa simu ya mezani ya zamani. Mzee wa mashua alitazama chambo changu kikipanda juu akasema, "Mama, hicho kitu chako kinazunguka kama feni."

Alikuwa amesema kweli. Nyungunyungu wanane niliowanunua mjini, wote, walikuwa na migongo iliyopinda.

Kwa wageni hapa: besi ninayemzungumzia si ile inayotikisa madirisha ya matatu za Rongai. Ni samaki mlafi, mdomo kama mfuko wa kanzu, aliyeletwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929 ili wenye fimbo wapate mchezo. Hujificha kwenye mafunjo na magugu akingoja kitu kipite. Ndiyo maana chambo hiki kinamfaa. Ncha ya ndoano unaizika ndani ya mwili laini, chubwi (uzito wa kumzamisha) ndogo yenye umbo la risasi inatangulia mbele, na unaweza kumrusha katikati ya majani bila kunasa.

Rangi sitaijadili. Kila mtu ana rangi yake, na kila mtu ana hadithi ya kuitetea. Ninachotaka ukiangalie ni unyoofu. Besi mara nyingi humshika nyungunyungu anapozama, si anapovutwa. Aliyenyooka hushuka polepole akitikisika kidogo, kama kitu kilichokata tamaa. Aliyepinda hushuka akizunguka, na ukimvuta huzunguka zaidi, na kila mzunguko unaingia kwenye uzi. Baada ya mirusho ishirini rili, ile roda ya kukunjia uzi, inaanza kukutolea vitanzi. Wewe unalaumu rili, unakwenda kununua nyingine. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei!

Kwa hiyo dukani, mlaze juu ya kioo cha kaunta. Ukiona mwanga unapita chini ya tumbo, mwache hapo hapo. Muuzaji atakuambia plastiki hujinyoosha yenyewe majini. Haijinyooshi.

Sasa mpangilio wangu, na sijifanyi hakimu asiye na upande: mimi ni mtu wa Zoom, kampuni ya chambo, si ile ya mikutano. Trick Worm wao, inchi 6 na nusu, mwembamba, hana mkia wa mapambo, wamo 20 kwenye pakiti. Ni laini kiasi kwamba ukimshika kiuno ncha zote mbili hutetemeka. Pakiti mbili nilizoletewa na binamu yangu kutoka ng'ambo zilifika wamelala sambamba kama njiti za kiberiti. Kwa anayejifunza, hapa ndipo pa kuanzia, na kama bajeti inaruhusu pakiti moja tu, usisome mbele.

Wa pili ni Senko wa Yamamoto, inchi 5. Huyu amejazwa chumvi, kwa hiyo ni mzito na huzama bila chubwi, akitingisha ncha zote mbili. Ni mzuri sana, lakini huchanika upesi na pakiti ina 10 tu. Unene wake pia ni taabu akishapinda, maji moto huchukua muda kumpenya.

Berkley Power Worm namweka wa tatu. Ana harufu ambayo mikono yako itaibeba mpaka nyumbani, na mkia wa utepe. Mkia huo ndio wa kukagua, maana ukishakunjwa kwenye pakiti hauchezi tena, unaburutwa tu.

Z-Man ni wa nne, ila si kwa ubaya wa chambo. Mpira wake huvutika bila kukatika na huelea, hivyo mkia husimama juu ya tope. Tatizo ni kwamba hapatani na wenzake. Ukimhifadhi pamoja na nyungunyungu wa plastiki ya kawaida, huyeyukiana wakawa uji. Na wauzaji wetu wanapenda kuchanganya kila kitu kwenye mtungi mmoja.

Wasio na jina, wa bei ya chini: nunua watano wa kujifunzia kutunga ndoano. Basi.

Na hapo kwenye kutunga, tukubali makosa yetu. Nusu ya nyungunyungu wanaozunguka tumewapinda wenyewe. Ingiza ncha kichwani kama robo inchi, itoe ubavuni, vuta hadi jicho la ndoano, igeuze. Kisha mwache aning'inie kando ya ndoano, uone pale kona ya chini inapogusa mwili. Toboa hapo hapo. Ukitoboa mapema atanyooshwa kwa nguvu, ukichelewa atapata kibiongo.

Ukiwa tayari umeuziwa waliopinda, chemsha maji, epua, wazamishe kwa nusu dakika hivi, walaze kwenye sinia bapa, kisha wamwagie maji baridi. Tumia sufuria isiyo ya chakula. Baba watoto alinuna akidhani ni ya chai. Nikamwambia Nick Creme wa Akron, Ohio, aliyetengeneza nyungunyungu laini wa kwanza wa plastiki mwaka 1949, naye alianzia nyumbani kwake. Hakucheka.

Lakini kwa nini wanapinda? Ni hii tabia ya kufungua pakiti ili kuuza mmoja mmoja. Pakiti ya 20 huko Marekani ni kama dola 5. Hapa mjini niliuziwa shilingi 120 kila mmoja, yaani 2,400 kwa pakiti, na hiyo pakiti yenyewe sikuiona. Walikuwa wamekunjwa kwenye kopo la siagi juu ya rafu inayopigwa jua mchana kutwa. Ushuru upo, usafiri upo, najua, na mtu lazima ale. Ila hilo kopo halikupita forodhani.

Jumatatu niliwarudisha wote wanane. "Madamu, samaki hana rula," muuzaji akaniambia. Baada ya robo saa ya mabishano alinibadilishia watatu. Watano waliobaki akasema nimeshawalowesha.